Lusini "kufa kwa baridi" Dodoma: soma namba ya mbegu na chimba mizizi kabla hujalima upya

Malisho_Mtumba (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikifika Juni picha zile zile zinarudi kwenye magrupu ya wafugaji wa Dodoma. Lusini, ambayo wengi mnaiita alfalfa, imedumaa, majani yamekuwa madogo, vishina vimelala chini, na chini ya picha pameandikwa kwamba baridi imeiua. Ushauri unaofuata huwa ni kulima upya. Hilo linaniumiza, maana mbegu ni ghali na shamba la lusini likitunzwa vizuri linakaa miaka mitatu hadi mitano. Kwa wageni: naongelea lusini ya majani matatu, ile jamii ya kunde inayokatwa na kukaushwa, si mti wa lusina.

Tuanze na baridi yenyewe. Dodoma mjini ipo takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi, na siku mbaya chini kidogo ya hapo. Majani ya lusini yanaanza kuungua yakikaa saa kadhaa kwenye nyuzi 4 CHINI ya sifuri. Kitako cha mmea, pale usawa wa ardhi ambako machipukizi hutokea, kwa aina za nchi za baridi hakifi mpaka udongo unaokizunguka ukaribie nyuzi 15 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo haipo Chamwino, haipo Kongwa, haipo Bahi.

Kwa hiyo kinachoonekana ni nini? Mara nyingi ni mbegu isiyo ya huku. Lusini hupangwa kwa namba ya kusinzia, kuanzia 1 hadi 11. Namba 1 inasinzia sana msimu wa baridi, namba 11 haisinzii kabisa. Kule Wisconsin na Minnesota, Marekani, wanapanda zaidi za 2 hadi 4. Kwenye bonde la Imperial, California, ambako joto ni kali, wanapanda 8 na kuendelea. Lusini ya namba ndogo hupokea taarifa kutoka kwenye urefu wa mchana na ubaridi wa usiku. Mchana ukifupika mwezi Agosti na Septemba, inaacha kurefusha vishina na kuhamishia chakula mizizini, kwa sababu barafu inakuja.

Sasa ilete Dodoma. Tupo kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mchana wetu mrefu kuliko yote, wa Desemba, haufiki masaa 12 na nusu. Kule kaskazini mchana wa Juni unapita masaa 15. Mbegu ya namba 3 ikiota hapa inasoma mchana wetu kama dalili ya kuelekea baridi, mwaka mzima, na ikifika Juni usiku ukapoa ndiyo inajikunyata kabisa. Haijafa. Inafanya kazi iliyozaliwa kuifanya, ila mahali pasipohitaji.

Kwa Dodoma tafuta 8, 9 au 10. Muuzaji akikusifia kwamba mbegu yake "inastahimili baridi kali", hiyo ni sifa ya kukufanya uirudishe mezani.

Kikuyu_Kaskazini

Mkuu asante kwa uzi. Swali: mbegu nyingi mjini zinauzwa kwa kupimiwa kilo kutoka kwenye gunia, hazina namba wala jina. Tunajuaje?

Malisho_Mtumba

Bila jina la aina usinunue za shamba zima. Nunua robo kilo tu upime. Andaa tuta la mita 1 kwa 5, panda, mwagilia, na uache mche utoe maua mara ya kwanza ili mzizi ukomae. Kisha mwezi Juni kata yote ubakize sentimita 5, endelea kumwagilia kama kawaida, na baada ya wiki nne pima urefu kwa rula. Inayofaa huku itakuwa imesimama wima na kupita sentimita 30. Ya nchi za baridi itakuwa imetambaa, haifiki hata nusu ya hapo. Wanaopanga zile namba hupima kwa mantiki hiyo hiyo: wanakata mwanzoni mwa Septemba kisha wanaangalia mmea umerudi kwa urefu gani.

Maji yasipungue wakati wa jaribio, vinginevyo utakuwa umepima kiu.

Bi_Hombolo

Nakazia hilo la kiu, kwa sababu hata ile iliyopandwa kwa mbegu sahihi inadumaa Julai hadi Oktoba na watu wanasema baridi. Huu ndio wakati wa upepo Dodoma. Hewa ni kavu, na shamba lililofunika ardhi linapoteza milimita 5 hadi 6 za maji kwa siku. Piga hesabu: ekari moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo milimita 5 ni lita 20,000 kwa ekari kwa siku, yaani simtanki nne za lita 5,000. Anayemwagilia simtanki moja anasema amemwagilia, na mmea unasema hapana.

Si lazima iwe kila siku. Lusini ina mzizi mrefu, na ni heri maji mengi kila baada ya siku 5 hadi 7 kuliko kidogo kidogo kila jioni, maana maji kidogo yanaishia juu na kuacha chumvi.

Na chumvi ndiyo kubwa zaidi. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvichumvi. Pelekeni maji maabara wapime upitishaji umeme, ndicho kipimo cha chumvi. Udongo wa kwenye mizizi ukivuka desisimensi 2 kwa mita, mavuno ya lusini yanaanza kushuka, na kila unavyozidi kupanda yanashuka zaidi. Dalili yake haifanani na kusinzia: kingo za majani zinakauka na kuwa kahawia, na juu ya udongo kunabaki ungaunga mweupe.

Hogoro_Juu

Wakuu, nina shamba la miaka mitatu, vipande vingine vimebaki wazi. Nijuaje kama mmea umesinzia au umekufa? Na nikiona umekufa, je, nirushie mbegu kwenye mapengo?

NyasiZaKongwa

Mkuu Hogoro, hapo wenzetu wa nchi za baridi wametangulia, kwa sababu kila theluji ikiyeyuka lazima waamue kuacha shamba au kulima. Njia yao inafanya kazi hapa bila kubadilisha kitu.

Chukua koleo au sururu, chimba mimea mitano katika kila kona ya shamba na mitano katikati, ukishuka angalau sentimita 15 hadi 20. Usivute kwa mkono, utakata mzizi. Osha udongo, kisha pasua kitako na mzizi kwa kisu kwa urefu. Mzizi hai ni mgumu, ndani mweupe au rangi ya maziwa. Uliokufa ni wa kahawia, umelainika na kutoa maji, au umekauka na kuwa nyuzinyuzi. Ukikuta mweupe wenye mstari wa kahawia katikati, mmea upo ila umeshaingiwa na uozo. Utavuna mwaka huu, usiutegemee mwakani. Angalia pia machipukizi: kitako kizuri kina vichipukizi kuzunguka pande zote, kilichoumia kinachipua upande mmoja.

Kisha hesabu vishina, si mimea. Mmea mmoja mkubwa wenye vishina vingi unaweza kuzidi mimea mitatu dhaifu. Tengeneza fremu ya nondo au mbao yenye sentimita 50 kwa 50. Subiri lusini irudi hadi sentimita 10 au 15 baada ya kukata, itupe fremu sehemu tano au zaidi kwa ekari bila kuchagua, uhesabu vile tu vilivyo virefu kiasi cha kukatwa na fyekeo. Ukipata vishina 150 kwenda juu ndani ya fremu, shamba ni zima na tatizo lako liko kwingine. Kati ya 105 na 150 mavuno yamepungua lakini bado linalipa. Chini ya 105 panga kulibadilisha.

Kurushia mbegu kwenye mapengo: usifanye hivyo kwenye shamba la zamani. Lusini iliyokomaa inaacha kemikali ardhini inayozuia mizizi ya miche michanga ya lusini. Miche itaota vizuri, utafurahi wiki tatu, kisha itabaki midogo na mizizi imepinda. Mapengo yajazwe ndani ya mwaka ule ule wa kwanza, kabla mimea haijakomaa. Baada ya hapo, ukiamua kung'oa, panda uwele, mahindi au mtama msimu mzima kwanza. Nitrojeni iliyobaki itawafaa sana. Ukirudi kwenye lusini tumia kilo 6 hadi 8 za mbegu kwa ekari, kina kisizidi sentimita 1 na nusu.

Hogoro_Juu

Nimeelewa mkuu. Mapengo yangu yako zaidi upande wa mbuga, udongo mweusi.

NyasiZaKongwa

Basi umeshajijibu nusu. Udongo wa mbuga unaua lusini kwa njia mbili, na zote mbili zina ndugu zake kwenye nchi za baridi.

Ya kwanza ni maji kusimama Januari na Februari. Mizizi inakosa hewa, vimelea vya kuozesha mizizi vinaingia, na mmea unakufa ukiwa ndani ya maji huku mwenye shamba akisubiri kuuona ukinyauka kiangazi. Kule kaskazini hali hiyo inaletwa na bamba la barafu: theluji inayeyuka kidogo, inaganda tena juu ya ardhi, hewa haipiti, gesi na sumu zinazotoka kwenye mmea wenyewe zinajikusanya. Wiki tatu hivi chini ya bamba hilo zinatosha kuua shamba.

Ya pili ni nyufa. Mbuga ikikauka inapasuka na kukata mizizi ya pembeni, halafu jua na upepo vinaingia hadi ndani. Kwao udongo wenye maji huganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka, hadi unakisukuma kitako juu sentimita 2 hadi 5 na mzizi mkuu unakatika chini. Mmea wa namna hiyo unaweza kuchipua majira ya kuchipua ukadanganya watu, kisha ukafa joto likianza. Kwako pia: ukiona lusini ya mbugani imechanua baada ya mvua za kwanza, chimba kabla hujaamini.

Hamishia lusini kwenye udongo mwekundu wenye kichanga unaopitisha maji. Mbugani weka majani yanayovumilia, au mtama wa malisho.

BwanaMifugo_Chamwino

Nimefurahi mjadala umefika hapa, ila naona tunaongelea mmea umekufa lini bila kuuliza umedhoofishwa lini. Kwenye baridi na kwenye kiangazi, kinachoua shamba mara nyingi kilitendeka wiki sita kabla.

Mmea wa kudumu ukikatwa hauna majani ya kujilisha. Unatumia wanga uliohifadhiwa mzizini na kitakoni kujenga majani mapya, na kwa lusini akiba hiyo inaendelea kushuka kwa wiki mbili hadi tatu, mpaka mmea ufike sentimita 15 au 20. Baada ya hapo ndipo inaanza kujazwa upya. Ukikata, kisha msimu mbaya ukaingia akiba ikiwa chini kabisa, mmea unaingia vitani mikono mitupu. Ndiyo maana kule kaskazini wanashauriwa kuiacha lusini wiki 4 hadi 6 kabla ya sakitu (baridi ya kugandisha) ya kuua, kwa wengi ni kuanzia mwanzoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Anayelazimika anakata baada ya sakitu kuua majani, wakati mmea hauwezi tena kuchipua na kula akiba, na anabakiza vishina vya sentimita 15 ili vinase theluji. Theluji ya kina hicho ni kinga: hewa juu inaweza kuwa nyuzi 25 chini ya sifuri na kitako kikabaki salama.

Sisi msimu wetu mbaya ni Mei hadi Novemba, na majani yasiyomwagiliwa yanafuata kanuni hiyo hiyo. Kwa nyasi za malisho kama cenchrus na Rhodes, akiba ipo sehemu za chini za shina na kwenye mizizi. Mvua zetu zinaisha Aprili. Ukikata hei (majani ya kukausha) mwishoni mwa Machi au siku za mwanzo za Aprili, wakati udongo bado una unyevu, majani yanarudi na kujaza akiba. Ukikata Mei mwanzoni, udongo una unyevu wa kuchipuza tu lakini si wa kukuza. Hapo unakuwa umemkamua mmea na kumwacha. Ukichelewa hivyo, ni heri uache nyasi zikauke zikiwa zimesimama, uje ulishie kiangazi kama ngitili (malisho ya kutengwa). Zitakuwa hazina protini ya kutosha, lakini shamba litabaki.

Urefu wa kubakiza: sentimita 10 kwa cenchrus, 10 hadi 15 kwa Rhodes.

Kosa la pili ni Desemba. Mvua ya kwanza ikinyesha, kile kijani cha kwanza kimetoka kwenye akiba ileile iliyobaki. Ng'ombe wakiingia siku ya kumi wanamaliza kilichobaki. Subiri nyasi zifike sentimita 25 na ziwe zimejaa majani, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Najua ni wiki ngumu kuliko zote kwa mfugaji, ndiyo maana marobota ya kipindi hicho yatengwe tangu Aprili, yasiguswe Septemba. Boksi la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45 linatoa robota la kilo 20 hivi. Ng'ombe wa kilo 250 anakula takriban kilo 6 za majani makavu kwa siku, kwa hiyo wiki sita ni marobota 13 kwa ng'ombe mmoja.

Kibaigwa_Nyasi

Mtaalamu nakuheshimu, ila cenchrus ni ngumu kuliko unavyoichora. Mizizi yake inashuka zaidi ya mita moja na inakua vizuri hata kwenye mvua ya milimita 400 kwa mwaka. Yetu ya Dodoma, 550 hadi 600, ni nyingi kwake. Ninayoona ikifa huku ni Rhodes, kwa sababu inataka zaidi ya milimita 600 na vitambaazi vyake vinakaa juu ya udongo.

Na tusiwasahau mchwa. Ukiona kichaka cha cenchrus kimekatwa chini kabisa, vipande vya majani vimezagaa na kuna udongo uliojengwa kama ngozi juu ya mashina, hapo ukame unasingiziwa. Mchwa wanapendelea majani makavu yaliyoanguka. Shamba likilishwa hadi udongo uwe mtupu, hawana kingine, wanahamia kwenye kitako cha mmea hai. Kuacha mabaki ya kutosha ardhini ni kinga bora kuliko dawa yoyote, na ni bure.

BwanaMifugo_Chamwino

Uko sahihi kwa yote mawili, mkuu. Kwa Dodoma ukiwa huna maji ya kumwagilia, cenchrus ndiyo iwe ya kwanza. Kwa wanaoanza: TALIRI (Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania) Kongwa ndiko pa kuulizia mbegu. Mbegu mpya kutoka shambani ina usingizi, iache ghalani miezi 6 au zaidi kabla ya kupanda. Ina manyoya na inashikana, ichanganye na mchanga mkavu ili isambae, kilo 2 kwa ekari, na usiifukie zaidi ya sentimita 1. Wengi wanaosema haioti wameifukia kama mahindi.

Makete_Juu

Salamu kutoka nyanda za juu. Huku sakitu ipo kweli, hasa Kitulo, Juni hadi Agosti, na mabondeni ni kali kuliko kwenye vilima kwa sababu hewa baridi ni nzito, inatiririka na kutuama chini. Mabingobingo yanaungua majani kwa usiku mmoja, lakini kitako kinabaki hai na kurudi mvua zikianza. Yaliyoungua yakatwe mapema, ng'ombe wanayala. Kwa maeneo hayo oti na raigrasi ndiyo majani yenye akili, na lusini ya namba 5 au 6 inaweza kuwa na maana. Kwa hiyo anayeuza mbegu moja kwa Makete na Dodoma anawakosea wote wawili.

Bi_Hombolo

Hapo kwenye kulisha kilichoungua naomba tahadhari kubwa: usifanye hivyo kwa MTAMA. Mabingobingo sawa, mtama hapana.

Mtama na nyasi za Sudani zina kemikali ambayo seli zikivunjika inatoa sumu ya sianidi. Kwenye nchi za baridi sakitu ndiyo inayovunja seli, na wanasubiri takriban wiki moja hadi majani yakauke kabisa kabla ya kulisha. Dodoma kinachofanya kazi hiyo ni ukame. Mtama uliodumaa kwa jua kisha ukapata mvua na kuchipua, au machipukizi ya visiki baada ya mavuno, ndiyo hatari zaidi. Usilishe chochote cha mtama chini ya sentimita 60, na usiingize ng'ombe wenye njaa.

Dalili: kupumua haraka, mate yenye povu, kutetemeka, ng'ombe anaanguka, na damu inakuwa nyekundu ya kung'aa isivyo kawaida. Anaweza kufa ndani ya dakika chache, kwa hiyo watoe wote shambani mara moja na mpigie daktari wa mifugo huku ukimwambia neno "sianidi", ili aje na sodiamu thaiosulfeti, dawa ya sumu hiyo.

Ukikausha vizuri kwa hei sumu inapungua sana. Saileji (majani mabichi yaliyovundikwa) pia inapunguza, iache imefungwa angalau wiki 4. Uwele hauna sianidi, na unakubali Dodoma. Wenye wasiwasi wapande huo. Ila uwele uliodumaa kwa ukame unaweza kubeba naitreti nyingi, nayo ni sumu kwa mifugo, sehemu za chini za shina, ukate juu juu, sentimita 20 kutoka ardhini.

Kikuyu_Kaskazini

Swali la mwisho kwangu. Lusini yangu inamwagiliwa, imesimama vizuri, kila mkato unapungua kidogo kuliko uliopita. Mizizi nimechimba, ni myeupe. Chumvi nimepima, ipo chini. Nini kimebaki?

Malisho_Mtumba

Potasiamu, mkuu. Kila tani ya lusini kavu inayotoka shambani inaondoka na takriban kilo 25 za potashi (K2O, namna potasiamu inavyopimwa kwenye mbolea). Ukivuna tani 6 kwa ekari kwa mwaka, hiyo ni kilo 150, na watu wengi wanarudisha sifuri. Kule kwenye theluji upungufu wa potasiamu ni kati ya sababu kuu za mashamba kufa, kwa sababu bila hiyo mmea hauhifadhi wanga mzizini sawasawa. Huku hautakufa ghafla, utapungua kama unavyoeleza. Angalia majani ya chini: vidoadoa vyeupe vidogo vilivyojipanga ukingoni ndiyo alama yake.

Mbolea ya MOP (kloridi ya potasiamu) ina asilimia 60 ya potashi, kwa hiyo kilo 40 kwa kila tani uliyovuna. Igawe mara mbili au tatu kwa mwaka, baada ya kukata, kabla ya kumwagilia. Usipende Urea, lusini inajitengenezea nitrojeni. Pasua vifundo vya mizizini, ndani vikiwa vya rangi ya waridi vinafanya kazi. Samadi ya zizini iliyokaa kavu bila kunyeshewa nayo ina potasiamu nzuri, lakini iliyopigwa na mvua za msimu mzima imeshaosheka. Itandaze nyembamba, isifunike vitako. Na kata maua yakifika sehemu moja ya kumi ya shamba, mara moja kwa mwaka acha yafike nusu, kwako ifanye Mei au Juni mwanzoni.